Ulikuwa Wapi Uliposikia

Busia, upande wa Kenya
18 Januari 1976

Hasifa,

Kaka yako Jamilu alinikuta darasani nikifundisha kidato cha pili, mikono imejaa chaki. Akasimama mlangoni na kuniambia, "Mwalimu, dada amerudi Tororo na vitabu vyake vyote." Nilifurahi kusikia u mzima. Kisha moyo ukanishuka, maana mtu harudi nyumbani na vitabu vyote kama bado ana chuo.

Basi darasa letu la mbinu za utafiti limekufa kule Kampala. Nilipowakimbia askari nilijidanganya kwamba watapata mwalimu mwingine wa kuwafundisha. Sasa nasikia hata chumba cha kompyuta kimetiwa kufuli, na wenzako waliokuwa wakisomea shahada ya udaktari wa kompyuta pamoja nawe kila mmoja ameshika njia yake.

Wewe usishike yako bado. Nimesema na chuo kikuu cha Nairobi. Wamekubali kukusajili, nami niwe msimamizi wako, ingawa siku hizi ni mwalimu wa sekondari tu hapa mpakani. Mashine yao ya kompyuta nitaitumia wakati wa likizo. Mafunzo yetu yatakuwa ya barua, maadamu Jamilu ana lori na anavuka.

Kazi ya kwanza ni hii: niandikie swali la utafiti wako. Moja tu. Na uliandike kwa Kiswahili, kwa sababu ukiandika Kiingereza unajificha nyuma ya maneno makubwa. Mpe mama yako alisome. Asipolielewa, bado hujaliuliza.

Kevina Amuge


Tororo
9 Februari 1976

Mwalimu wangu, shikamoo.

Mama amenirudishia maswali mengi. Moja alilisoma akaniuliza kama hiyo ni dawa ya mifugo. Hili la mwisho hakulicheka. Alilisoma, akavua miwani, akaingia ndani.

Swali langu: Kwa nini surua hufika kijijini kabla ya habari ya surua?

Humjui dada yangu Hadijah, aliyeolewa Iyolwa. Mwaka jana surua ilikuwa kijiji cha jirani kwa muda mrefu, na chanjo ilikuwapo zahanati, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Hakuna aliyemwambia. Alipojua, mtoto wake Wahabi alikuwa na vipele mwili mzima. Tulimzika Ijumaa.

Kompyuta haimtibu mtoto, najua. Lakini nikijua habari hupita wapi, naweza kuandika programu itakayoniambia ianzie mahali gani ili iutangulie ugonjwa. Hilo ndilo ninalotaka kulisomea. Kama ni dogo mno kwa shahada ya udaktari, niambie mapema.

Mwanafunzi wako,
Hasifa Zubairi


Busia
25 Februari 1976

Hasifa,

Si dogo. Poleni na msiba, wewe na Hadijah. Ningekuandikia ukurasa mzima wa pole, ila naona wewe pole yako umeigeuza kazi, na kazi ndiyo ninayoweza kukusaidia.

Sasa mbinu. Habari hupita kwa watu, kwa hiyo tufuate watu. Utaingia nyumba moja uulize: nani alikuambia habari ya surua, nawe ulimwambia nani? Utaandika majina. Kisha utawafuata hao nao uwaulize vilevile, mpaka mnyororo ukatike. Ndivyo nilivyofanya mimi nilipokuwa nasoma Ulaya, na watahini wangu waliridhika. Bila majina hakuna mnyororo, na bila mnyororo mashine haina cha kuhesabu.

Anza na jaribio dogo Iyolwa kabla ya kwenda kwingine. Jaribio ni mahali pa kukosea bila hasara.

K. A.


Tororo
14 Aprili 1976

Mwalimu,

Nimekosea vizuri sana. Nisomee mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Nilikwenda Iyolwa na Hadijah ili watu wamwone mtu wao. Nyumba ya kwanza tulikaribishwa, tukapewa karanga. Nikauliza nani alimwambia mama mwenye nyumba habari ya surua. Aliweka sahani chini. "Wewe nataka jina?" akaniuliza. Nikasema ndiyo, ni kwa masomo. Akamtazama Hadijah, akanitazama mimi, akasema, "Othieno alinambia." Nikafurahi, nikaandika. Nyumba ya pili wakasema waliambiwa na Owora. Ya tatu, na bibi mmoja Nyaketcho. Mpaka mchana nilikuwa na majina ya kutosha, najiona mtafiti.

Njiani Hadijah alingoja mpaka tulipovuka mto. Ndipo akaniambia, "Hasifa, hao wote wamekufa. Umeandika makaburi."

Mwalimu, fikiri kidogo. Nani alikuambia, nawe ulimwambia nani? Siku hizi swali hilo linaulizwa na watu gani huku kwetu? Wale askari kanzu wa miwani myeusi ndio wanaouliza hivyo, na aliyetajwa haonekani tena. Mimi nilitembea nyumba kwa nyumba na swali lao mdomoni. Kesho yake milango ilifungwa nikiwa bado barabarani.

Lakini mama Athieno, jirani wa Hadijah, alinionea huruma akazungumza nami akipepeta mtama. Sikumwuliza jina la mtu. Nilimwuliza, "Ulikuwa wapi uliposikia?" Akajibu palepale, bila kuacha kupepeta: "Mashine ya kusaga." Na mwingine: "Kisimani." Hakuna aliyeogopa kutaja kisima.

Naomba ruhusa nifuate mahali badala ya watu.

Hasifa


Busia
2 Mei 1976

Hasifa,

Ruhusa sikupi.

Naelewa uchungu wa milango iliyofungwa, lakini mtafiti hubisha tena. Kisima hakina mdomo. Ukiniambia watu wengi walisikia kisimani, watahini watakuuliza: ni watu wengi, au ni mmoja aliyehesabiwa mara nyingi? Utajibu nini? Utaangushwa, na jina litakaloandikwa chini ya anguko hilo ni langu pia.

Nakuambia kwa sababu nakupenda: umeingiwa na woga, nawe unauita mbinu. Rudi Iyolwa. Kaa na watu mpaka wakuzoee. Kisha chukua majina.

K. Amuge


Tororo
11 Mei 1976

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma. Sikujibu siku ileile, ili nisiandike vibaya.

Wewe uko upande wa kule. Mimi nalala huku. Majina ya watu sitayachukua. Ukitaka nitafute msimamizi mwingine, niambie, sitakulaumu. Kwa sasa nakwenda Iyolwa, na Lunyo kule upande wa ziwa, kuuliza watu walikuwa wapi.

Hasifa Zubairi


Busia
30 Agosti 1976

Hasifa,

Hii ni barua ya tatu bila jibu, nazo nawapa wanawake wa ndizi wavuke nazo. Jamilu naye haonekani. Nilimuuliza mwenzake wa lori jingine, akasema hajui, akaondoka haraka kama ninamdai.

Kama umenikasirikia, kasirika kwa maandishi, nimezoea. Kama umeacha masomo, pia niambie. Nimewaambia Nairobi kwamba uko uwandani unakusanya data. Sijui kama nimesema kweli.

Shule zimefungwa na ningeweza kwenda kutumia mashine, ila sina kitu chako cha kuilisha.

Kevina


Tororo
19 Septemba 1976

Kwa Mwalimu Kevina,

Mimi Jamilu naandika. Mkono wangu umezoea usukani, samehe makosa.

Hasifa alishikwa. Alikuwa natoka Lunyo na karatasi zake zote ndani ya kikapu, askari wakasimamisha gari wakamwaga kikapu chini. Waliona maswali na namba namba, wakasema huyu jasusi ya Kenya. Wakamchukua. Sisi hatukujua wapi. Baba alizunguka kila ofisi mpaka sauti ikaisha. Mimi niliacha kuvuka kwa sababu waliuliza nani napeleka barua zake.

Juzi wamemwachia. Amekonda, na mkono wa kulia hauko sawa bado, lakini ni yeye. Mwenyewe ananiambia niandike hivi: Kila siku mkubwa wao alikuwa nashika karatasi anauliza, "Majina iko wapi? Nani alikujibu haya?" Yeye nasema, soma mwenyewe afande, hakuna. Walisoma zote. Walikuta kisima, mashine ya kusaga, kanisa, msikiti, mti wa mnada. Wakasema utakamata kisima namna gani? Mmoja alicheka. Ndiyo akafukuzwa arudi kwao. Kule Iyolwa na Lunyo hawakugusa mtu hata mmoja, Mwalimu. Hata mmoja.

Karatasi walichoma zote mbele yake.

Anasema nikuambie ataanza upya. Mimi nimemwambia apumzike kwanza. Wewe mwambie, pengine atakusikia.

Jamilu Zubairi


Busia
23 Septemba 1976

Hasifa mwanangu,

Nilikuwa nimeketi nikisahihisha mitihani barua ya Jamilu ilipofika. Sikuweza kuendelea, wanafunzi watapata alama zao wiki ijayo.

Ulikuwa sahihi nami sikuwa. Haikuwa woga. Kama ungenisikiliza, ni wangapi wangechukuliwa kutoka kwenye nyumba zile ulimokula karanga? Hilo nitaishi nalo, wewe usilibebe.

Pumzika mpaka mkono upone. Ni agizo la msimamizi. Kisha, ukitaka, na ukitaka tu, tuzungumze juu ya kuanza upya. Data imeungua, ila mbinu unayo kichwani, na kazi iliyofanywa kwa mbinu iliyo wazi inaweza kufanywa tena. Swali langu la mwezi wa tano bado nalishikilia, si kwa ubishi, bali kwa kuwa watahini watakuuliza: utajuaje kuwa hukumhesabu mtu mmoja mara mbili? Tulitafutie jibu pamoja safari hii.

Wako,
Kevina


Tororo
7 Agosti 1977

Mwalimu wangu mpendwa,

Keti kwanza, ndipo usome.

Tangu nianze upya, kila nyumba nimeuliza mtu mmoja tu, na nikishamuuliza namwomba atie jiwe dogo juu ya kizingiti cha mlango. Nyumba yenye jiwe siingii tena. Hilo ndilo jibu la swali lako, nami naona fahari kukupa. Watu wenyewe wameupenda mchezo huo. Kule Lunyo bibi mmoja alinifuata akilalamika kwamba nyumba yake nimeiruka, haina jiwe, kwani yeye hana masikio?

Matokeo ya Iyolwa na Lunyo yamefanana, ingawa ni watu tofauti na lugha tofauti. Sisi sote tulidhani habari inaanzia kwa chifu, kwenye baraza. Zahanati nazo hupeleka matangazo yao huko. Lakini siku hizi nani anakwenda barazani, pakiwa na askari? Baraza ni mahali habari inapokwenda kufa. Inapozaliwa ni kwenye mashine ya kusaga, na kisimani asubuhi, na kwa wale wanaouza samaki wakirudi kutoka ziwani.

Nimeandika programu kwa mkono, kurasa zote nimempa Jamilu. Nimeijaribu kwa penseli kwa vijiji vichache tu na inatoa majibu, lakini vijiji vyote vinahitaji mashine.

Na sasa sikia. Nilipokuwa naandika programu hiyo surua iliingia kijiji cha Masaba, nyumba chache mwanzoni. Nilikwenda kwa muuguzi wa pale, sista Specioza, nikamwomba jambo moja: tangazo la chanjo asilipeleke kwa chifu, alipeleke kwa mwenye mashine ya kusaga na kwa wauza samaki. Akanitazama. "Wewe ni daktari?" Nikasema, "Bado." Akacheka, akakubali.

Mwalimu, foleni ilitoka mlangoni pa zahanati ikazunguka nyuma ya jengo. Akina mama walikuja na watoto mgongoni kutoka vijiji ambavyo surua ilikuwa haijavigusa. Chanjo iliisha ikaletwa nyingine kutoka Tororo, na ni Jamilu aliyeileta, amefunika boksi la barafu kwa magunia, anaendesha kama amebeba mayai. Ugonjwa ulikufa palepale ulipoanzia. Hadijah alikuwa pamoja nami. Alisimama akiwapanga watoto mstarini, na sikumwona akilia.

Hasifa wako


Busia
16 Februari 1978

Hasifa,

Nimetoka Nairobi jana. Nilisimama mbele ya mashine huku kadi zilizotobolewa kutoka kurasa zako zikimezwa, nikasikia printa ikianza kupiga, nikamshika mkono fundi wa watu nisiyemjua. Majibu ya vijiji vyote yanakubaliana na penseli yako.

Tasnifu uliyompa Jamilu wameshaisoma, na majibu haya nimewaongezea. Sasa mtihani wa mdomo. Pasipoti huwezi kupata, na hilo nimewaeleza. Nao wamekubali jambo ambalo sikulitegemea: watahini watakuja hapa. Utahojiwa kwenye darasa langu la kidato cha pili, Alhamisi ya pili ya mwezi wa tatu, ambayo ni siku ya soko. Vuka asubuhi na wanawake wa ndizi. Usibebe karatasi hata moja. Nakala ninayo mimi.

Wote wanaisifu kazi yako. Njoo umetulia, ule, ulale vizuri.

Kevina


Busia
9 Machi 1978

Jamilu mwanangu,

Hasifa amelala kitandani kwangu na viatu vyake, nami naona vibaya kumwamsha, kwa hiyo nakuandikia mimi ili asubuhi mama na baba wapate habari kabla yake.

Kwanza nikuambie nililomficha. Nilimwandikia kwamba wote wanaisifu kazi yake. Si kweli. Mtahini mkuu alishanieleza kwamba ataiangusha. Sikutaka avuke mpaka na mzigo huo.

Alifika na tope hadi magotini, mkungu wa ndizi kichwani. Aliosha miguu kwenye bomba la shule, akavaa gauni la buluu la mama yenu, akaingia. Huyo mtahini mkuu, Profesa, hakumpa hata nafasi ya kuketi vizuri.

"Wataalamu wote wa jambo hili wamefuata watu kwa majina," akasema. "Wewe umefuata visima. Kwa nini tuiite sayansi?"

Hasifa akasema, "Nilianza kwa majina, Profesa. Nilipata mengi."

"Yako wapi?"

"Yalikuwa ya marehemu. Wenyeji walinitajia wafu ili kuwalinda walio hai. Kama ningeyatia kwenye mashine, ingenihesabia vizuri sana, na kila jibu lingekuwa uongo."

Yule mtahini mwingine, kijana, akaacha kuandika.

Profesa hakuachia. Akauliza hilo la kumhesabu mtu mara mbili, Hasifa akamweleza mawe ya kizingiti. Akauliza kama matokeo ya Iyolwa yanaweza kuwa bahati, akapewa ya Lunyo. Mwisho akaegemea kiti akasema, "Na kama wewe ungekuwa kwetu Nairobi, ambako hakuna anayeogopa kutaja jina, ungetumia mbinu hii?"

Nilishika ukingo wa dawati. Hilo sikumfundisha.

Dada yako alifikiri. Hakuharakisha, Jamilu, alimwacha mzee wa watu angoje. Akasema, "Nisingeijua. Kwa hiyo nashukuru sikuwa Nairobi. Lakini sasa ninaijua, na ningependa mniambie ni mji gani hauna mtu anayeogopa, ili nikaijaribu ile ya majina huko."

Profesa akavua miwani akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa na akafurahi kushindwa. Wakatutoa nje. Tulisimama chini ya ukuta na wanafunzi wangu wote wakichungulia madirishani, maana nani angewazuia? Hatukungoja sana. Profesa mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Alinyoosha mkono, akasema, "Daktari Zubairi, karibu ndani."

Kidato cha pili walipiga kelele mpaka soko likasikia. Mimi sikupiga kelele. Nilikaa kwenye dawati la mwanafunzi nikalia mbele za watu, na mtahini kijana akanipa leso yake.

Kesho anarudi nyumbani. Mpokee kwa lori zuri.

Kevina Amuge


Tororo
28 Mei 1979

Mwalimu wangu,

Askari wa zamani wameondoka. Kwenye mpaka jana niliwaona watu wakivuka wakiimba, na hakuna aliyewauliza wanakwenda wapi.

Hospitali imenipa chumba kimoja na meza, kwa kazi ya kuzipelekea zahanati zote za wilaya habari za chanjo. Lakini sikuandikii hayo. Nakuandikia kwa sababu Okochi, Dorcas na Taaka wamekuja kwangu. Okochi na Dorcas ni wale wenzangu wa darasa la Kampala waliotawanyika, Taaka ni mgeni. Wote wanataka kuendelea na udaktari wa kompyuta, na hawajui pa kuanzia. Nimewaambia nitawafundisha mbinu za utafiti hapahapa Tororo, kuanzia Jumatatu ijayo.

Peke yangu siwezi wote watatu. Wanahitaji mtu wa kuwakatalia, nami bado ni mpole mno.

Jamilu ameosha lori mpaka ndani ya tairi. Atakuwa mbele ya shule yako Jumapili baada ya misa, kupakia vitabu vyako vyote. Vyote, Mwalimu. Usiache hata kimoja huko.

Dkt. Hasifa Zubairi